Mgeni njoo, mwenyeji apone: kumletea panya wako mzee wenzake wapya

Mama yangu aliposikia nafuga panya alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Mwanangu, panya? Wa kumlisha?" Kwetu Tanga panya hutengewa chakula cha aina moja tu, na humo ndani huwa kuna dawa. Nilimweleza kwamba huku Uingereza watu huwafuga ndani kama paka, wana majina, na wakiugua hupelekwa kwa daktari. Akasema, "Haya."

Miaka imepita, na sasa Waswahili wenzangu wa huku, na siku hizi hata wa Nairobi, wananipigia kwa swali lilelile: panya wangu amezeeka, mwenzake amekufa, je nimletee mwingine? Nikijibu ndiyo, wiki moja baadaye inaingia simu ya pili: nimewaweka pamoja wanauana, nifanyeje? Ni simu hiyo ya pili iliyonifanya niandike haya. Ukiuliza vizuri utakuta mgeni katolewa dukani mchana, na jioni yake katumbukizwa moja kwa moja kwenye kizimba cha mwenyeji.

Panya huishi miaka miwili mitatu hivi. Mwenye mwaka na nusu ni mtu mzima, wa miaka miwili ni mzee. Ni mnyama wa kundi, na wewe hata ukimpenda vipi huwezi kulala naye mmebanana usiku kucha wala kumchambua manyoya ya shingo kwa meno. Mwenza anamhitaji. Lakini kizimba ni nyumba yake, kila pembe ameitia mkojo wake, na anayeingia humo bila hodi ni mwizi. Kazi yako ni kupiga hodi kwa niaba ya mgeni.

Kabla hujanunua

Kiswahili kinatuponza hapa, maana neno ni moja, panya, na wanyama ni wengi. Ninayemzungumzia ni yule mkubwa mwenye mkia mnene, ambaye dume lake likikomaa hufika nusu kilo na zaidi. Wale wadogo wa gramu 20 au 30 wanaouzwa kizimba cha pili dukani ni aina nyingine kabisa. Panya mkubwa akiwekewa mdogo wa aina hiyo anaweza kumuua na kumla. Hamsta naye hafai. Na kwa ndugu zangu wa Morogoro wanaoniuliza kuhusu panya buku, wale ambao APOPO huwafunza pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu: buku ana kilo moja na zaidi, na huweza kuishi hadi miaka minane. Si mwenza wa panya huyu, mwacheni aendelee na kazi yake. Panya wa darini ndiyo kabisa usimfikirie.

Jinsia uihakiki mwenyewe, usiachie muuzaji. Dume wa wiki tano sita korodani zinaonekana waziwazi chini ya mkia. Jike ana chuchu, mistari miwili tumboni. Weka dume na dume, jike na jike, au dume aliyehasiwa na majike, na huyo aliyehasiwa asubiri wiki nne kwanza kwa sababu mbegu hazimwishi siku ya upasuaji. Watoto wa panya huanza kuweza kuzaa wakiwa na wiki tano tu, mimba ni siku 21 hadi 23, na wakizaliwa kumi kwa mkupuo si ajabu. Rafiki yangu alimnunulia panya wake jike mzee "dada wawili". Mmoja alikuwa kaka. Baada ya wiki chache nyumbani kulikuwa na panya kumi na watatu.

Lete wawili, si mmoja. Hili ndilo ninalobishiwa zaidi, maana gharama inaongezeka, lakini silegezi. Panya wa miezi miwili ni mtoto anayetaka mieleka mchana kutwa. Mzee anataka kulala, kula, na kuotea ubavu wenye joto. Mtoto akiwa peke yake atamsumbua mzee mpaka apigwe. Wakiwa wawili watachoshana wenyewe, kisha usiku watamwendea mzee kulala. Kuna na hesabu nyingine: mzee akifa, mmoja aliyebaki atakuwa mpweke na utarudi kusoma mwongozo huu upya.

Umri mzuri wa wageni ni wiki nane hadi kumi na mbili. Hapo ni wadogo kiasi kwamba mzee hawaoni kama wapinzani, na wakubwa kiasi kwamba wanajua kukimbia. Dume wa miezi sita hadi mwaka ndiye mgeni mgumu kuliko wote, damu inamchemka.

Halafu mtazame mzee wako kwa jicho kavu. Anakoroma akipumua? Amepungua? Miguu ya nyuma inaburuta? Ana uvimbe chini ya kwapa? Aanze kwa daktari. Uvimbe wenyewe au udhaifu wa miguu si lazima uzuie utambulisho, nimewahi kumtambulisha mzee aliyekuwa akiburuta mguu na mambo yakaenda. Ila kama daktari amekwambia zimebaki wiki chache, maoni yangu ni umwache apumzike, na jioni umweke kifuani mwako mkiangalia televisheni.

Vitu vya kuwa navyo

Kizimba cha pili cha wageni. Nafasi kati ya waya isizidi sentimita 1.2 hivi, penye kichwa cha panya mdogo kupita, mwili wote unapita.
Sanduku la plastiki la kubebea wanyama, lenye matundu ya hewa, linalotosha wote wakiwa wamekaa karibu karibu.
Taulo nene na glavu za jikoni, zile za kutolea sufuria kwenye oveni.
Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
Siki nyeupe na maji ya kusafishia.
Mtindi usio na sukari, au uji laini wa watoto.
Vibakuli viwili vya chakula, chupa mbili za maji, na vijumba vya kujifichia vyenye milango miwili kila kimoja.
Namba ya simu ya daktari wa wanyama anayejua panya. Uliza mapema, kwani wengi wanajua mbwa na paka tu.
Siku mbili nzima za kukaa nyumbani. Anza Jumamosi asubuhi. Kuanza Jumapili usiku na kesho una kazi ni kujitafutia ugomvi.

Hatua kwa hatua

1. Watenge wageni wiki mbili hadi tatu.

Chumba kingine, mlango umefungwa, na ikiwezekana nyumba nyingine kabisa, kwa sababu maradhi ya kifua ya panya yanasafiri hewani. Hudumia mzee kwanza, wageni baadaye, kisha osha mikono na ubadili shati. Sikiliza pua zao: kupiga chafya mara mojamoja siku za kwanza baada ya safari hakutishi, lakini kifua kinachokoroma, shingo iliyovimba au macho yaliyojaa vinataka daktari. Angalia chawa na utitiri kwenye shingo na mabega.

Watu huiruka hatua hii kwa sababu wageni wanaonekana wazima. Karibu kila panya wa kufugwa amebeba bakteria wa maikoplazma kifuani, na kwa kijana hawaonekani. Kwa mzee wako mzigo mdogo tu wa kuongezea unaweza kumlaza. Hata wewe mwenyewe umo. Mwaka 2017 nchini Marekani virusi vya Seoul vilitoka kwa panya wa kufugwa vikaambukiza wafugaji, na panya wenyewe hawakuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo muulize anayekuuzia kama wanyama wake wamewahi kupimwa, na kunawa mikono kusiwe hiari.

2. Pima uzito na uandike.

Wote, mara mbili kwa wiki, saa ileile. Ukiwa na namba za mzee za kabla ya ugeni ndipo utakapojua kama ugeni unamuumiza. Mzee wa gramu 400 akishuka hadi 360, hiyo si hali ya kawaida, simamisha kila kitu.

3. Wape harufu za wenzao.

Karantini ikiisha, chukua kitambaa alicholalia mzee ukiweke kwa wageni, na chao ukipeleke kwa mzee. Fanya hivyo siku tatu nne. Mzee akikinusa na kukivuta kwenye kiota chake, vizuri. Akikiuma, akikikojolea na kuvimba manyoya, ongeza siku.

Wapo wanaopendekeza vizimba viwili viwekwe ubavu kwa ubavu. Mimi sipendi. Panya wanaonusana bila kufikiana hujijaza hasira, na vidole vya miguu vinavyopenya kwenye waya huumwa. Ukilazimika, acha nafasi ya angalau sentimita kumi na tano.

4. Wakutanishe pasipo pa mtu.

Pawe mahali ambapo mzee hajawahi kukanyaga: hodhi la kuogea lililotandikwa taulo, meza kubwa, kitanda cha chumba cha wageni. Si sofa anayocheza kila jioni, hilo kwake ni shamba lake. Kwanza mweke mzee dakika tano anuse na kutulia, kisha walete wageni wote wawili kwa pamoja. Weka vijiko vitatu vya mtindi mbali mbali. Wapake na mtindi kidogo mgongoni. Wataanza kulambana kwa ulafi, na kulambana ndiyo salamu yao.

Usimshike mgeni mkononi ukamsogeza puani kwa mzee. Mgeni hana pa kukimbilia, na meno yakija yatatua kwenye kidole chako.

Kikao cha kwanza dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Malizia wakiwa watulivu, usingoje wachoke wakaanza ugomvi. Rudia mara mbili kwa siku, ukiongeza muda. Wenzetu wa Mombasa na Dar: fanyeni asubuhi mapema au usiku, feni ikizunguka. Panya hatoki jasho kama sisi, joto hulitolea mkiani, na chumba kikipita nyuzi 30 mzee mwenye msukosuko anaweza kuzidiwa na joto hata bila kuumwa na mtu.

5. Jifunze kuwasoma.

Hapa ndipo panapoamua kila kitu, na hapa ndipo wengi hukosea pande zote mbili: wengine huamua mapema mno, wengine huchelewa mpaka damu.

Mambo ya kawaida, kaa na mikono yako mfukoni: mzee anamlaza mdogo chali na kumkandamiza kwa mikono, anamchambua shingo kwa nguvu, wanasimama kwa miguu ya nyuma wakisukumana kama mabondia, anamnusa chini ya mkia, anapanda mgongoni, anamtilia matone ya mkojo akipita juu yake. Mdogo atapiga kelele. Hizo ni kelele za mtoto anayeogeshwa kwa maji baridi, yaani kusema "basi, wewe ni mkubwa". Mdogo akilala chali na kutulia, mzee akamwachia na kwenda zake, mkutano wenu umefaulu kuliko kama wangepuuzana.

Mambo ya kuweka mkono kwenye taulo: manyoya ya mzee yamesimama mwili mzima mpaka anaonekana brashi ya kusugulia chungu, anakwenda kiubavu-ubavu kama kaa kuelekea kwa mgeni, anapuliza pumzi nzito puani, mkia unacheza kama nyoka, anagonga meno. Kuhusu meno tahadhari: panya pia husaga meno kwa raha, hadi macho yanachezacheza. Tofauti iko kwenye manyoya. Yakiwa yamelala ni raha, yakiwa yamesimama ni vita.

Mambo ya kuwatenganisha papo hapo: damu, hata tone moja; wameshikana na kubiringika kama mpira mmoja; mdogo anakimbizwa bila kikomo na hata akilala chali haachiwi; au mzee mwenyewe amejikunyata pembeni, hapumui vizuri, na vijana wanampanda.

Kutenganisha: piga makofi mara moja kwa nguvu. Wasiposikia, tupa taulo juu yao, vaa glavu, inua mmoja. Kamwe si kwa mkono mtupu, hata kama panya wako hajawahi kukuuma tangu azaliwe; katika vurugu hajui kidole na adui. Wengine huwarushia maji kwa chupa ya kunyunyizia. Kwa kijana sawa, kwa mzee mwenye kifua kibovu sikushauri umloweshe. Ukiumwa, osha kwa maji mengi na sabuni, na ukipata homa, vipele au maumivu ya viungo katika siku zinazofuata nenda hospitali na useme wazi umeumwa na panya.

6. Wahamishie kwenye sanduku dogo.

Vikao vitatu au vinne vikipita bila manyoya kusimama, waweke wote kwenye sanduku la kubebea, lililosafishwa, lenye karatasi mpya chini na hakuna kingine. Hakuna kijumba, hakuna bakuli la kugombania. Tupa punje za chakula huku na huku, na kipande cha tango kwa ajili ya maji. Eneo kubwa huwafanya wadogo wakimbie na mzee awafukuze. Kwenye nafasi ndogo hakuna cha kulinda wala pa kukimbilia, na baada ya kusukumana kidogo hulala.

Usingizi ndio cheti. Wakilala wakiwa wamelundikana, au hata mgongo kwa mgongo, umevuka kigingi. Kaa nao saa moja au mbili, ukitazama muda wote. Nilifanya kosa la kwenda kupika pilau wakati wangu wamo sandukuni, nikarudi nikakuta sikio limechanika. Sikuwa nimeondoka zaidi ya dakika kumi.

Mzee anayepumua kwa shida asikae humo zaidi ya nusu saa kwa mara moja, na sanduku lisiwe juani wala karibu na hita.

7. Kifanye kizimba kikubwa kisiwe cha mtu.

Toa kila kitu. Osha kuta, sakafu, ngazi na chupa kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha. Vitambaa vyote vifuliwe au vitupwe. Mbao zilizonywa mkojo hazisafishiki, tupa. Kisha panga tofauti: chakula kilipokuwa kushoto kiwe kulia. Mzee akiingia asipatambue. Tandika karatasi iliyokatwakatwa au matandiko ya karatasi; maranda ya msonobari au mwerezi yenye harufu kali yaache, yanachoma vifua vyao.

Acha sakafu tu, funga ghorofa za juu. Weka chakula pande mbili na chupa mbili. Bado hakuna vijumba, maana kijumba cha mlango mmoja ndicho mtego: mdogo anaingia, mzee anakaa mlangoni.

8. Waingize, na usiku wa kwanza ulale karibu.

Waingize wote kutoka kwenye sanduku kwa pamoja, wakiwa wamesinzia, ikiwezekana asubuhi ili uwe na mchana mzima wa kutazama. Kutakuwa na kusukumana tena, kwa kuwa eneo limebadilika. Likitokea la kuogopesha rudi hatua ya sita, si hatua ya kwanza. Ikifika usiku na huna uhakika, kila mmoja arudi kwake, kesho muendelee. Hakuna zawadi ya kuwahi. Nimeona kazi hii ikiisha kwa siku moja, na nimeona ikichukua wiki sita.

9. Rudisha vitu kidogo kidogo.

Kimoja kwa siku. Anza na kitanda cha kuning'inia kipana, wasiweze kukigombania bila kukikalia pamoja. Kisha vijumba vya milango miwili. Ghorofa za juu mwisho. Hapa mkumbuke mzee: kitanda chake kiwe chini, ngazi iwe ya mteremko na si ya kuruka, na chini ya kila kimo kuwe na kitu laini. Vijana waachie mabomba na kamba za juu. Mahali mzee asipofika kunakuwa mapumziko kwake pia, maana kelele zinahamia huko.

10. Hesabu mwezi mzima, na uutarajie mwezi wa pili wa taabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini kwa panya jembe hutafutwa na mgeni mwenyewe. Vijana, hasa madume, wakifika miezi minne hadi sita huanza kumpima mzee. Watu hushangaa: walikaa kwa amani miezi mitatu, leo wanafukuzana. Ni ukubwa unapokezana. Mara nyingi mzee hupinga mara mbili tatu, kisha huachia, na anaonekana kama amepata nafuu kwa kutolazimika tena kulinda geti. Kazi yako wakati huo ni kupima uzito, kukagua mgongo na sehemu za nyuma kama kuna majeraha, na kuhakikisha anapata chakula chake. Mimi humtoa mzee robo saa kila jioni akala peke yake kitu laini, yai la kuchemsha lililopondwa au uji. Vijana hawahitaji kujua.

Ikienda mrama

"Mzee ana damu machoni na puani." Paka maji kwenye pamba uifute. Ikitoka rangi ya waridi na hakuna jeraha, kwa kawaida si damu. Ni ute mwekundu unaotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, nao huzidi panya akiwa na msongo au ugonjwa. Kidogo baada ya kikao si tatizo. Kila asubuhi kwa siku tatu, punguza kasi na umwone daktari.

"Wanakaa kwa amani hodhini, kizimbani wanapigana." Hukusafisha vya kutosha, au kuna kitu kimoja umekirudisha mapema. Niliwahi kusafisha kila kitu nikasahau bakuli la udongo la mzee. Vita vyote vilikuwa juu ya bakuli.

"Mdogo mmoja ameelewana naye, mwingine anapigwa kila siku." Usimtoe anayepigwa peke yake, atarudi akiwa mgeni upya. Watoe wote kwenye kizimba, rudini sandukuni siku mbili. Ikishindikana, anayetolewa awe mpigaji, akakae na yule asiyegombana naye.

"Dume langu limevimba manyoya wiki nne, kila kikao damu." Huyo ana tatizo la homoni, si la tabia. Kumhasi husaidia wengi, lakini usitarajie mabadiliko kesho yake. Hesabu wiki nne hadi sita homoni zipungue. Tatizo ni umri: kwa mzee wa miaka miwili dawa ya usingizi ni hatari, na mimi nisingemlaza mezani. Kwa huyo ningekaa na vizimba viwili, vikiachana angalau sentimita kumi na tano.

"Vijana ndio wanaomwonea mzee." Kwanza apimwe. Panya hunusa ugonjwa, na mara nyingi mzee anayeanza kusukumwa ana jambo ambalo wewe hujaliona. Kama ni mzima, ongeza sehemu za kujificha zenye milango miwili midogo ambayo vijana hawaijali na mzee anaipenda, na uwachoshe vijana nje ya kizimba kabla ya usiku.

"Ameacha kula tangu wageni waingie." Saa 24 bila kula kwa panya ni muda mrefu. Mtoe, mpe uji wa joto, na asipougusa mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

"Hawapigani, lakini mzee hawajali kabisa." Hiyo si kasoro. Karafuu wangu, dume la kahawia lililokuwa na miaka miwili na mwezi, hakuwahi kucheza na wageni wake, Kisamvu na Mchicha, hata siku moja. Mchana alikaa sakafuni akiwapa mgongo. Baridi ya Januari ilipoingia nilikuwa nikiinua kitambaa asubuhi namkuta katikati, Kisamvu huku na Mchicha kule, na yeye ndiye aliyekuwa akikoroma.